Kahawa Kabla ya Ukuta

Mzee aliyenifundisha uashi alikuwa na desturi moja ambayo watu wa Malindi waliiona kiburi. Akiitwa kwenda kuangalia kazi, hakai. Atatandikiwa mkeka, atasema ahsante, hakai. Ataletewa kahawa, atasema, "Iwekeni hapo, narudi." Kisha huingia ndani na kinyundo chake, akagonga kuta moja baada ya moja, akatega sikio, akagonga tena. Akiikubali kazi hurudi barazani akanywa. Akiikataa huaga kwa adabu, na kikombe kikabaki kimejaa. Nilimfuata miaka saba, na vikombe nilivyoviona vimeachwa vimejaa ni vingi.

Siku moja, tukitoka nyumbani kwa mtu huko Takaungu, nilimuuliza, "Maalimu, kwani kahawa ina kosa gani?"

"Haina kosa. Lakini nikishaimeza nitaona haya kumwambia mwenyewe kuwa nyumba yake mbovu. Wewe huoni haya?"

"Naona."

"Basi usinywe."

Nilicheka. Nilikuwa kijana, na nilidhani haya ni kitu ambacho mtu akitaka hukiacha, kama kutafuna tambuu.

Nayaandika haya katika daftari nililolinunua kwa ajili ya vipimo vya kazi. Kusoma kwangu ni kwa chuo cha Kurani tu, tena sikufika mbali, kwa hiyo penye makosa ya mwandiko atakayesoma anisamehe. Makosa mengine si ya mwandiko, na hayo sijui ni nani wa kunisamehe.

Mama yangu alikuwa mtu wa nyumba moja kubwa ya mjini. Alinunuliwa akiwa mtoto, hajui hata jina la kwao, akapikia watu wale mpaka akazeeka. Nisimwonee Bwana wa nyumba ile: alitufungua, mama na mimi, kwa hiari yake, mbele ya mashahidi, miaka kadhaa kabla Serikali haijatangaza kuwa hakuna mtumwa tena. Mimi vilevile ni yeye aliyenipeleka kwa fundi, na siku nilipohitimu, kilemba cha mwalimu wangu alikitoa yeye, kitambaa kizuri cha Maskati. Hakulazimishwa na mtu. Haya nayataja mwanzo ili asije mtu akasoma yanayofuata akadhani nilikuwa na kinyongo naye. Sikuwa nacho. Pengine ingekuwa heri ningekuwa nacho kidogo.

Baada ya tangazo lile la Serikali mambo ya mabwana wengi yalilegea. Watu waliokuwa wakilima walikwenda zao, wengine Mambrui, wengine bara, wengine wakabaki hapahapa mjini wakitafuta kibarua kama mimi. Mashamba yakaota magugu. Bwana aliuza moja, akauza la pili. Nyumba ilibaki, ile nyumba yake ya mawe yenye mlango wa nakshi, na ndani mlibaki yeye, binti yake mmoja ambaye mama yake alikwisha kufa, na mjakazi mmoja mzee aliyekataa kwenda popote, rafiki wa mama yangu wa tangu ujana.

Ikatoka habari kuwa binti amepata mchumba, na punde si punde nami nikaitwa.

Kwa desturi yetu ya mjini, binti haendi kwa watu. Mume ndiye anayekuja. Baba humjengea binti nyumba, na asipokuwa na kiwanja humpandishia chumba juu ya nyumba yake mwenyewe. Ndiyo maana utaona nyumba zetu zinakwenda juu vizazi na vizazi. Baba asiyeweza hata chumba, watu wa mume wataanza kuulizana.

Nilifika asubuhi, nikavua viatu dakani, mbele ya mlango. "Shikamoo, Bwana."

"Marahaba, fundi! Leo nakuita fundi, wasikia? Karibu, keti."

Akanionyesha baraza ya mawe, ile ya mkono wa kuume, wanapokaa wageni. Sijui nitaelezaje. Mama yangu aliifagia baraza ile miaka arobaini, na sikumbuki kumwona ameketi juu yake. Mimi mwenyewe utotoni nikicheza hapo nilikuwa nikicheza chini, kwenye vumbi. Nikaketi. Kinyundo changu kilikuwa kiunoni, ndani ya shuka, na nilipoketi kilinichoma ubavu, nikakisogeza pembeni kisinisumbue.

Yule mjakazi mzee akaja na buli na vikombe, na haluwa kwenye kisahani. Alikuwa akicheka peke yake. "Kunywa mwanangu. Leo wewe mgeni. Mamako angeona!"

Nikanywa. Nikanywa cha pili.

Bwana akaeleza. Alitaka ghorofa: chumba kimoja kipana, choo chake, na ngazi ya kupandia uani ili mume asipite katikati ya nyumba ya mkwewe. "Posa nimeshaijibu," akasema. "Wale ni watu wazuri, hawana tamaa. Wameuliza jambo moja tu, binti atakaa wapi. Nikawaambia, juu ya kichwa changu." Akacheka, nami nikacheka.

Kutoka nyuma ya mlango ikasikika sauti ya msichana. "Baba, muulize dirisha litatazama wapi."

"Umesikia? Hajaolewa, ameshaanza kuamuru."

"Litatazama kusi, Bibi mdogo," nikajibu nikiuelekea mlango. "Upate upepo, na bahari uione kwa ubavu."

"Isiwe mwasema tu."

"Sisemi tu."

Basi nilikwisha kumwahidi mtu dirisha kabla sijauona ukuta.

Tuliingia ndani. Kile chumba cha mwisho, ambacho ghorofa ingekaa juu yake, kilikuwa na giza na harufu ya unyevu. Bwana alisimama karibu nami, mkono wake begani mwangu. Nikatoa kinyundo, nikagonga ukuta kwa urefu wa kifua.

Ukuta mzima hujibu kwa mlio mfupi, mkavu, ko. Huo ulijibu bu, kama mtu aliyegongwa mgongoni akiwa ameshiba. Nikasogea hatua mbili, nikagonga tena. Bu. Nilijua maana yake. Zamani mwalimu wangu alinipeleka Mnarani, tukavuka hori la Kilifi kwa mtumbwi, tukashinda kutwa kwenye magofu, akinionyesha jinsi ukuta unavyokufa: maji huingia juu paa linapochoka, hushuka katikati, huosha udongo uliowekwa kati ya mawe, na nje lipu inabaki nyeupe kama kawaida. Ukuta unakuwa ngozi tu. Ukiutwika mzigo, unafunguka.

"Vipi?" Bwana akauliza.

Nikasema, "Umechoka kidogo, Bwana."

"Nani asiyechoka? Mimi mwenyewe nimechoka kidogo." Akanipiga begani. "Aliujenga babu yangu huu. Wewe upumzishe, uupe nguvu, kisha tupande."

Nilisema kidogo. Nimelifikiria neno hilo mara nyingi kuliko neno lolote nililopata kulisema, hata kuliko maneno niliyomwambia mke wangu siku ya ndoa. Bila neno hilo, nilichosema ni kweli. Nalo lilitoka lenyewe, kama vile lilikuwa limekaa chini ya ulimi likingojea.

Jioni hiyo nilikwenda kwa mwalimu wangu. Alikuwa ameshaacha kazi, macho yameingia ukungu, anakaa kwa mwanawe mtaa wa Barani, si mbali na kwangu.

"Umegonga?"

"Nimegonga. Umejibu bu."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia umechoka kidogo."

Kisha akauliza, "Kabla au baada?"

"Ya nini?"

"Wajua ya nini."

"Baada."

"Una sikio la fundi na ulimi wa mpishi," akasema. Mama alikuwa mpishi, na yeye alijua. Lilinichoma, lakini sikuona pa kumlaumu. "Rudi kesho. Kesho bado mapema. Sema, Bwana, jana sikusema yote. Atakutukana. Matusi hayavunji mfupa."

Sikurudi. Wala si kwamba sikujua kukataa, nisijidhulumu nami. Miezi michache kabla, mwenye duka mmoja wa Kilifi aliniita nimjengee ghala, akataka nichanganye chokaa na mchanga wa ufuoni kwa kuwa uko karibu. Nilimwambia mchanga wa ufuoni una chumvi, ukuta utatoka jasho maisha yake yote, sijengi. Akasema mafundi wa Malindi wana pua ndefu. Nikaaga, nikaondoka, nikalala usingizi mzuri. Kwa hiyo kukataa nilikuweza. Nisichokiweza ni kumkataa mtu aliyeniketisha kwenye baraza ile.

Nikajipa sababu. Kwamba nitaangalia nikishafungua. Kwamba nikikataa mimi atamwita mwingine asiye na uangalifu, na hilo ni kweli, mafundi wa namna hiyo walikuwapo. Kwamba nitatumia boriti nyembamba na mawe mepesi. Nilipomtajia Bwana chumba cha fito na makuti badala ya mawe, kupunguza uzito, alinitazama kwa huzuni zaidi kuliko hasira. "Binti yangu chini ya makuti," akasema. "Fundi, hata wewe?" Sikulirudia tena.

Tulianza, mimi na vibarua wawili wanaume wazima. Kwanza tulijenga ngazi ya uani, maana tulihitaji pa kupandishia chokaa na mawe. Vidato kumi na vinne. Niliijenga kwa moyo, kila kidato nikikipima kwa mguu wangu, kisha nikikipunguza kidogo nikifikiria mguu wa mwanamke. Kila nikipita uani ile sauti ya nyuma ya mlango huuliza, "Fundi, tumefika wapi?" Nami hujibu, "Kidato cha sita, Bibi mdogo," au cha tisa, kwa kadiri tulivyofika. Siku ya kidato cha kumi na nne yule mjakazi alipiga kigelegele kidogo, akajizuia kwa kuona haya.

Kisha tukavunja ukingo wa paa na kulifungua paa lenyewe juu ya kile chumba cha mwisho, ili kuinua kuta. Hapo nikaona. Ncha za boriti zilizokaa ndani ya ukuta zilikuwa kama tumbaku. Unazishika zinabaki mkononi. Kati ya mawe mlikuwa na vumbi lililolowana. Nikaagiza boriti mpya za mikoko kutoka Mida, nikaweka viguzo, nikaendelea. Naandika nikaendelea, na nikiliangalia neno hili siamini kuwa ni mimi. Lakini ni mimi.

Wiki ya sita ukatokea ufa juu ya mlango wa chumba, mwembamba kama uzi. Mwashi akiuona ufa huupaka kiraka cha chokaa, chembamba, upana wa vidole viwili, kisha hungoja. Kiraka kikikauka kizima, ufa umelala. Kikipasuka, ufa unatembea. Nilipaka. Asubuhi nilikikuta kimepasuka. Nikapaka cha pili, kando yake, kikapasuka. Cha tatu nilikipaka nikijua.

Nikaenda barazani. Safari hii sikuketi, na hakuna aliyeniambia niketi.

"Bwana, siwezi kuendelea. Ukuta hautabeba."

"Lini umejua?"

Ningeweza kusema jana. Viraka vingenishuhudia. "Siku ya kwanza, Bwana."

"Siku ya kwanza." Akaweka tasbihi yake chini. "Siku ya kwanza nilikuwa na paa."

Akaiokota, akavuta punje moja.

"Sikiliza, mwanangu," akasema, na hakupaza sauti, ndiyo maana mpaka leo nayasikia. "Ungenikatalia siku ile ningekutukana. Ningesema huyu tumemfungua juzi, leo anatukataa. Ningesema mengi. Kisha siku ya tatu ningekaa nikafikiri, nikauza hata mlango huu nimkodie binti nyumba. Sasa nina nyumba wazi, masika iko mlangoni, na watu wa mume wanapita uani wanaona ngazi inakwenda mbinguni."

"Nitalifunga paa, Bwana. Bila ujira."

"Wewe?"

Alisema hivyo tu. Nikaondoka.

Nilirudi kesho yake na makuti na majamvi kufunika pale palipo wazi, nikakuta mlango umefungwa. Yule mjakazi alinisemesha kupitia kidirisha: "Nenda zako, mwanangu. Amesema hataki kuona kivuli chako. Nenda, nisije nikalia." Walifunika wenyewe walivyoweza. Mvua zilipokuja ziliingia palepale nilipofungua, zikanywewa na ukuta uleule.

Mjini nilipata sifa. Nikipita barazani kwa watu husikia, "Huyo fundi wa nusu nyumba! Fundi, kwangu nataka nusu ya kisima, utaweza?" Na mwingine, "Mwacheni, yeye hujenga ngazi tu, chumba atajenga Mungu." Walikuwa wakichekesha kweli, siku nyingine nilicheka nao.

Watu wa mume walingoja mpaka mvua zikaisha, kisha wakanyamaza, kisha tukasikia kijana ameoa Mambrui. Siwezi kusema ni kwa ajili ya chumba. Palikuwa na maneno mengine pia, ya ukoo na ya shamba, na mimi sikuwa ndani ya mazungumzo yao. Lakini swali walilouliza lilikuwa moja, na jibu lake nililivunja mimi.

Bwana alimleta fundi kutoka upande wa Mombasa, akarudisha paa la chini na kusimamisha nguzo katikati ya kile chumba. Ghorofa haikutajwa tena. Bwana akafa baada ya miaka michache kwa ugonjwa wa kifua. Nilikwenda mazikoni, nikasimama nyuma, nikashika udongo kama wengine. Binti aliolewa baadaye na mtu mzima aliyekuwa na wake wengine, akakaa naye muda, wakaachana, akarudi nyumbani. Mwalimu wangu naye alikwisha kutangulia.

Na mimi nikawa mtu wa kukataa. Nikiitwa, sikai, sinywi, nagonga. Watu walisema nimeiga kiburi cha mzee. Nilikataa kazi nzuri na kazi mbaya, hata wakati wa vita vya Wazungu, kazi zilipokuwa adimu na mke wangu akiniuliza kama tutakula mawe. Huenda nyingine nilizikataa kwa woga tu, ukuta mzima nikausikia mbovu. Sina hakika. Sikio likishatiwa hofu haliaminiki.

Katika miaka hiyo ya vita aliniita yule binti.

Nilikuta ngazi yangu iko palepale uani, kuku wamelala kwenye vidato, juu hapana kitu. Yeye aliketi ndani ya mlango, leso imemfunika mpaka usoni, sauti ileile ila imeshuka. Mjakazi, ambaye sasa alikuwa akitembea kwa kushika ukuta, alikuwa ameshaweka buli.

"Karibu kahawa, fundi."

"Nitakunywa, Bibi. Nigonge kwanza."

"Huko kwenyewe huna haja ya kugonga. Napasikia mwenyewe. Mchanga unadondoka mchana kutwa, kama mtu anachambua mchele."

Niligonga hata hivyo. Bu. Ufa ulikuwa umefika chini ya kizingiti, mkono unaingia.

"Simtaki mtu anijengee," akasema niliporudi. "Nataka uuzibe, upige lipu, utie chokaa. Jumamosi anakuja mtu kuitazama nyumba, mwenye duka wa Kihindi, ana wake na watoto, ataka kuhamia na kuweka magunia yake ya ufuta. Nikiiuza nitakwenda kwa shangazi yangu, nikae na wanawake wenzangu. Kazi ya siku mbili."

"Siwezi, Bibi."

"Siku mbili tu."

"Ataweka magunia kwenye ukuta ule, na watoto watalala upande wa pili. Nikiupaka ataamini. Siwezi."

Kuku mmoja alishuka vidato, kimoja, kingine.

"Baba yangu ulimkubalia," akasema.

"Naam."

"Mimi wanikatalia. Hata kahawa hujanywa."

"Nimejifunza, Bibi. Nilikosea kwa babako."

"Umejifunza?" Hakusema kwa ukali. "Au ni kwa sababu baba alikuwa Bwana, na mimi ni mwanamke peke yangu na kuku?"

Nilitaka kujibu haraka, nikaona kuwa jibu la haraka litakuwa kama lile neno kidogo. Nikasema, "Sijui." Ndiyo kweli niliyokuwa nayo. Mpaka leo sijui. Angekuwa ni baba yake ameketi pale, na mkono wake umenionyesha baraza, sijui kama ningesema siwezi.

Baadaye akauliza, "Lile dirisha ungeliweka wapi hasa?"

Nikamwonyesha kwa kidole, juu ya ngazi, upande wa kusi, mahali penye hewa tupu. Alitazama kwa kitambo.

"Kunywa sasa," akasema. "Umeshakataa, hapana ubaya."

Nikanywa. Ilikuwa imepoa.

Jumamosi alimwambia yule mwenye duka ukweli, kwamba ukuta mbovu na fundi amekataa kuuficha. Haya nilielezwa na mnunuzi mwenyewe alipokuja kunitafuta. Aliinunua kama kiwanja na mawe, kwa hiyo bibi alipata kidogo, akaenda na mjakazi wake kwa shangazi yake. Mnunuzi alitaka mtu wa kuivunja nyumba. "Wewe ndiye uliyesema mbovu," akaniambia. "Basi ivunje."

Kama kuna kazi ya kukataa, ilikuwa hiyo. Niliikubali. Nilitaka kujua.

Sehemu ya juu ilianguka kama majivu. Mitaimbo miwili, mitatu, ukuta ukakaa chini wenyewe, vumbi likafunika uani. Nilihisi kitu ambacho naona haya kukiandika: nilifurahi. Nikasema moyoni, nilikuwa sawa.

Kisha tukafika kiunoni, na mitaimbo ikaanza kurudi mikononi. Vibarua wakatukana. Nikawaambia wangoje, nikapiga magoti, nikagonga kwa kinyundo. Ko. Nikasogea, nikagonga pembe zote. Ko, ko. Maji yalishuka kutoka paani yakafika pale yakakoma. Chini yake babu wa Bwana alijenga juu ya mwamba, kwa chokaa safi, na ukuta ule ulikuwa mzima kama siku uliyojengwa. Ulitushinda siku nne.

Siku ile ya kwanza niligonga kwa urefu wa kifua, kahawa ikiwa bado mdomoni na mkono wa mtu begani. Sikuinama. Ningeinama ningemwambia Bwana neno ambalo halikuwa ndiyo wala hapana: tuushushe ukuta mpaka kiunoni kabla ya masika, tuujenge upya, tupande. Kazi ndefu, ya miezi, lakini kazi. Na wiki ya sita, viraka vilipopasuka, bado ningeweza kuinama. Nilikuwa nimeshajifunza kusema siwezi, sikutazama tena chini.

Au huenda nakosea hata hapa. Huenda hata hivyo ungeshindwa, au watu wa mume wasingengoja. Nilikaa juu ya kile kipande cha ukuta kilichobaki, vibarua wakila, nikakigonga tena na tena, mpaka mmoja wao akaniambia, "Fundi, basi. Umeshasikia."